Ukurasa wa Mtoto Aliyekingama

Siku mliyoniaga kazini mlinipa saa ya ukutani. Sijui kwa nini mtu asiye na pa kuwahi hupewa saa, lakini nimeitundika sebuleni kwangu hapa mtaani Hewa Bora na inakwenda vizuri. Asanteni. Kabla soda hazijaisha, Béatrice alinivuta mpaka kwenye kompyuta yake anionyeshe ukurasa wa kitabu cha shule. Picha ya mzizi ilikuwa imepanda juu ya picha ya jani, na maneno yaliyopaswa kuzunguka picha hizo yamebanwa katikati, herufi mbili tatu kwa kila mstari, kama watu wanaogombania mlango mwembamba.

"Papa Mwape, hii mashini inanisumbua," aliniambia. "Niliiambia maneno izunguke picha. Inazunguka muzuri, halafu picha zinapandana."

Nilimwonyesha la kufanya, akashukuru, tukarudi kwenye soda. Nilipofika nyumbani niliona kwamba nimemjibu nusu tu. Nusu ya pili ndiyo hii ninayowaandikia. Kama mnataka kujua nilipanda cheo gani na lini, ulizeni ofisini. Mimi nimeshasahau, na nadhani ofisi nayo imesahau.

Niliingia kazi ya kupanga herufi miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Nilikuwa kijana mwenye mke, na kazi nilikuwa nimejifunza kwa mapadri, kwa hiyo nilijiona fundi. Kiwanda cha chapa kilikuwa katikati ya mji. Mlango wa mbele ulikuwa wa wateja na Wazungu, yaani wa Wazungu. Sisi tulipita nyuma, kwenye mapipa ya wino.

Msimamizi wa chumba cha herufi aliitwa Mbuyi. Alikuwa mtu wa jimbo la Kasai, mrefu, mwenye aproni iliyopigwa pasi. Wazazi wake waliletwa huku na reli akiwa mgongoni mwa mama yake, naye akaoa huku, akajenga mtaa wa Katuba, akazaa watoto wote huko. Alinitazama, akatazama cheti changu cha mapadri, akakirudisha bila kukisoma.

"Weye njo Mwape?"

"Ndiyo, Papa."

"Kuya hapa."

Akaweka juu ya meza ya chuma klishe mbili. Klishe, kwa ninyi ambao hamkuziona, ni bamba la zinki lenye mchoro, lililopigiliwa juu ya kipande cha mbao ili lilingane kimo na herufi.

"Hii ni nini?"

"Klishe, Papa."

"Apana. Hii ni muntu analala. Maneno njo blanketi yake. Unafunika wa kwanza mupaka ku miguu, halafu njo unatafuta blanketi ya wa pili. Unasikia?"

Nilisema nimesikia. Sikuwa nimesikia kitu. Juma lile lote alinipa ukurasa mmoja, wa maelezo ya pampu ya maji, wenye picha mbili fupi, na kila nilipomletea karatasi ya majaribio aliikunja na kunirudishia.

Ugumu wenyewe ni huu. Picha ikikaa kushoto, mistari ya kuliani kwake lazima iwe mifupi. Picha ikiisha, mistari inarudi kwenye upana wake. Basi maneno ya picha ya kwanza yakiwa machache kuliko urefu wa picha yenyewe, aya inayofuata itaanza wakati picha ya kwanza bado imesimama. Aya hiyo nayo ina picha yake. Ukiiweka kuliani, kati ya mbao na mbao kinabaki kichochoro kisichopitisha neno zima. Ukiiweka kushoto, itasukumwa chini, na maneno yake yatabaki juu, kando ya picha ya mwenziwe. Hapo msomaji ameshapotea, na wala hajui.

Mbuyi alinifundisha kupima kabla ya kushika herufi hata moja. Unapima picha ina kimo cha mistari mingapi, kisha unahesabu maneno yake yatajaza mistari mingapi. Maneno yakipungua, una njia. Unaweza kuipandisha picha ianze pamoja na aya iliyotangulia. Unaweza kuacha nafasi nyeupe mpaka chini ya picha, ndipo uanze aya mpya. Unaweza kumwomba mwandishi aongeze maneno. Au unaihamisha picha ya pili ukurasa mwingine, na hiyo si aibu. Njia moja aliikataza kabisa, nayo ilikuwa kukata mbao za klishe kwa msumeno ili picha mbili zikaribiane.

"Mbao ikisema apana, usijibishane naye," alisema. "Iko na akili kushinda weye."

Ndiyo maana nawaambia kompyuta ni mtumishi mbaya. Mbao ilikataa. Kompyuta inakubali kila kitu.

Patron wetu, yaani mwenye kiwanda, alikuwa Mbelgiji mfupi, fundi kweli kweli, aliyefundishwa kazi na baba yake. Alijua kusoma ukurasa wa herufi za risasi kinyumenyume kama mimi ninavyosoma gazeti. Siwezi kumsingizia ujinga. Ingekuwa afadhali angekuwa mjinga.

Uhuru ulipokuja, hatukupata muda wa kuuzoea. Siku chache tu, jimbo letu la Katanga likajitenga, na sisi tukaanza kuchapa mabango ya nchi mpya. Herufi zetu zilikuwa za risasi, na mnajua kwa Kiswahili neno hilo lina maana mbili. Tulikuwa hatujawahi kuifikiria ile ya pili.

Wakati huo ndipo Mama Odile alipotuletea kitabu chake. Alikuwa mkunga wa hospitali ya wazazi, mzaliwa wa ng'ambo ya mto Kafubu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Alikuwa ameandika kitabu kwa Kiswahili kwa ajili ya wakunga wa vijijini na wa kambi za migodi, wale wasiosoma Kifaransa. Mtawa mmoja alikuwa amemchorea picha.

"Papa Mbuyi," alisema, akiweka karatasi zake mezani, "mukunga atasoma hii kitabu wakati mukono moja iko na kazi. Hana nafasi ya kutafuta maneno. Maneno ikae pembeni ya picha yake, basi."

"Itakaa, Mama."

Mbuyi alizichukua karatasi zile kama mtu aliyepewa mtoto. Mimi na yeye tulifanya kazi ya kitabu hicho msimu mzima. Ukurasa uliotushughulisha kuliko zote ulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilionyesha mtoto aliyekingama tumboni, kichwa ubavu mmoja, miguu ubavu wa pili. Ya pili ilionyesha mtoto anayetanguliza matako. Maneno ya picha ya pili yalimwambia mkunga asivute, amwache mtoto ashuke mwenyewe kwa nguvu za mama. Maneno ya picha ya kwanza yalikuwa machache, na yalisema kinyume chake: mtoto huyu hatashuka, mpeleke mama hospitali upesi. Picha yake ilikuwa ndefu, maneno yake mafupi. Mnaona hatari ilipokuwa. Mbuyi alimpa kila mtoto ukurasa wake, na nafasi nyeupe hakuiogopa.

Lakini nje, hewa ilikuwa imeharibika. Watu wa Kasai walianza kuitwa wageni. Kwetu kazini sauti ya maneno hayo ilikuwa ya Chansa. Chansa alikuwa mpangaji herufi kama mimi, mzaliwa wa huku kama mimi, na hakuwa fundi mbaya. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, akipanga herufi zake:

"Chef wa hii chumba, iko siku atakuwa mwenye inchi, apana mugeni."

Mbuyi, huyo chef mwenyewe, alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Hakugeuka. Nilimwona akifunga kamba inayoshika herufi za ukurasa mmoja, akaifungua, akaifunga tena.

Kisha ikaja Jumatatu ambayo aproni yake ilibaki kwenye msumari. Jioni kabla jua halijazama nilikwenda Katuba. Nyumba yake haikuwa na mabati. Milango haikuwepo, na kwenye ua kulikuwa na majivu ya vitu vilivyokuwa viti. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye mwaka mzima alikuwa anaazima chumvi kwa mke wa Mbuyi, aliniambia bila kuniangalia machoni: "Benyewe beko kule mu kambi. Bako bazima. Weye enda kwako, baba."

Kambi ilikuwa pembeni ya mji, Wakasai kwa maelfu wamekimbilia humo chini ya ulinzi wa askari wa kimataifa wenye kofia za bluu. Patron aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kazi hangoji mutu," alisema kwa kile Kiswahili chake cha kuamuru. Siku ile ile akampa Chansa usimamizi wa chumba.

Karatasi ilikuwa adimu, maana njia zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Juu ya hayo, wizara ikaagiza kitabu cha Mama Odile kianze na picha ya mkubwa mmoja, ukurasa mzima, na ukurasa mwingine wa hotuba yake. Mkubwa huyo sidhani aliwahi kumwona mtoto akizaliwa. Kurasa zake mbili zilibidi zitoke mahali. Patron alipitia ukurasa kwa ukurasa, akapata mmoja kwingine, kisha akaweka kidole kwenye ile nafasi nyeupe ya Mbuyi.

"Hapa. Hii wawili weka pamoja."

"Hazienei, Patron," nilisema. "Mbao zinagusana."

"Kata mbao."

Nikamwambia mimi sikati. Hakukasirika. Alimwita Chansa, na Chansa akachukua msumeno. Nilisimama nikausikiliza. Karatasi ya majaribio ilipotoka, picha mbili zilikuwa zimelaliana bega kwa bega, ukingo wa moja umeingia katika ya pili, na maneno "usivute, mwache ashuke mwenyewe" yameanzia kando ya mtoto aliyekingama.

"Patron, unaona maneno iko pembeni ya nani?"

"Naona," alisema. "Nani anasoma atajua."

Nilikunja karatasi ile ndani ya shati, na kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, nikaenda kambini. Mlangoni askari mmoja wa kofia ya bluu alinipekua, akafungua karatasi yangu, akakuta matumbo ya wajawazito. Aliona haya, akanirudishia haraka, akanipungia mkono nipite. Ndani ilikuwa shida nyingine. Vijana wanne walinizunguka kati ya vibanda vya makaratasi na magunia.

"Weye muntu wa wapi?"

Mmoja alikuwa ameshanishika kola niliposikia sauti ya chumba cha herufi.

"Mumuache! Ule ni mutoto wangu wa kazi."

Mbuyi alikuwa amekaa juu ya debe, amevaa koti lake la kanisani kwa sababu ndilo aliloondoka nalo. Mkewe, Mama Tshala, alikuwa anapepea moto wa vijiti. Alinipa maji katika kopo, na mimi nikayanywa yote kwa woga, kisha nikaona kwamba watoto walikuwa wanalitazama kopo.

Nilimpa Mbuyi karatasi. Miwani yake ilikuwa na kioo kimoja kilichopasuka. Alisoma kwa kile kizima.

"Nani alikata?"

"Chansa."

"Nani alimupa musumeno?"

"Patron."

"Patron anajua."

"Anajua, Papa."

Aliilaza karatasi magotini. Kisha akasema, si kwangu hasa: "Banasema miye mugeni. Kama ni mugeni, si bangeniachia tu kazi ya mugeni?" Akaninyooshea mkono. "Leta kreyo."

Kreyo ni penseli. Nilimpa yangu, akaanza kupanga upya pale pale juu ya goti.

"Sikiliza. Ule anakingama, umupandishe juu, aanze na paragrafu ile inamutangulia. Maneno yake ni kidoko, nafasi itabakia. Usijaze na mapambo. Enda kwa Mama Odile, umuambie aandike ingine."

"Kama hana ya kuandika?"

"Mukunga akose maneno juu ya mutoto anakingama?" Alinitazama kama siku ile ya kwanza. "Enda, Mwape. Na wa pili asianze mupaka wa kwanza amalize. Kama ukurasa haitoshi, tafuta ukurasa."

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka pale alipokatazwa kuvuka. Vijana wale wanne hawakuniangalia tena.

Mama Odile aliisoma karatasi ya majaribio akiwa amesimama mlangoni mwa hospitali, na nikauona uso wake ukibadilika. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaandika pale pale. Mistari ile bado naijua: "Mtoto akilala hivi, mikono yako haitoshi. Usingoje. Usijaribu. Tafuta gari, tafuta baiskeli, tafuta wanaume wa kubeba machela, mama afike hospitali leo. Kuomba msaada si aibu ya mkunga." Akavua aproni, akaniambia twende.

Patron alimpokea vizuri, akampa kiti. Alikataa kukaa.

"Patron, hii ukurasa itaua bantu."

"Madame Odile, miye najua. Najua mbele ya weye kuniambia. Karatasi hakuna."

"Iko. Mukubwa wa wizara iko na kurasa mbili."

"Ile hapana gusa!" Hapo tu ndipo nilipomwona akiogopa.

Mama Odile alimtazama, kisha akanigeukia. "Mwape, ule mukubwa, hawezi kuvaa maneno yake pembeni, kama batoto bangu banavyovaa?"

Nilielewa. Siku ile nilichukua klishe ndogo ya mkubwa, ile tuliyoitumia kwenye mabango, nikaiweka kushoto, na hotuba yake yote nikaizungusha kuliani na chini yake, katika ukurasa mmoja. Ilitoshea sawasawa, kwa sababu hotuba haikuwa na mengi. Patron alizungukazunguka mlangoni mpaka mtu wa wizara alipokuja kuangalia. Mtu yule alifurahi. Alisema inaonekana ya kisasa.

Hivyo ndivyo tulivyopata ukurasa. Nilibandika mbao mpya nyembamba pale msumeno ulipopita, nikampandisha mtoto aliyekingama kama Mbuyi alivyosema, nikajaza nafasi kwa maneno ya Mama Odile, na mwenziwe nikampa ukurasa wa pili. Kitabu kikatoka. Kwenye ukurasa wa mwisho Patron aliandika kwamba kimepangwa chini ya uangalizi wa Chansa. Niliuliza. Akasema jina la Mbuyi lingeleta matatizo. Chansa, nimpe haki yake, hakujigamba; alichukua nakala yake na kwenda zake.

Niliweka nakala moja ya Mbuyi kando. Kabla sijaipeleka, vita viliingia mjini. Tulilala chini ya vitanda na watoto wetu, na ile maana ya pili ya risasi ikatufikia hadi ukutani. Milio ilipotulia na njia ikapitika, nilikwenda kambini. Familia nyingi zilikuwa zimeshapakiwa na kurudishwa Kasai, na kibanda cha Mbuyi kilikuwa na watu wengine ndani yake. Hawakumjua. Niliulizia mpaka askari wakachoka na mimi.

Kujitenga kukaisha. Bendera ikabadilika, Patron akauza kiwanda akaenda kwao, na mwenye kiwanda mpya alikuwa mtu wetu. Tulifurahi, tukapita mlango wa mbele. Chansa alibaki msimamizi. Mimi nilitumwa Likasi kwa miezi kadhaa kusimika mashini iliyonunuliwa huko, na niliporudi nilikuta kitabu cha Mama Odile kimechapwa upya na kimeshasambazwa. Nilikifungua kwa furaha. Mwanzoni kulikuwa na picha ya mkubwa mpya, ukurasa mzima, na hotuba yake ukurasa mwingine. Sikutaka kuendelea, lakini nilifunua. Watoto wawili walikuwa wamerudi katika ukurasa mmoja, mbao zimekatwa tena, zamu hii mpaka ndani ya mchoro. Mistari ya Mama Odile ilikuwa imeondolewa ili waenee.

"Chansa," nilimwambia, "hii si ulijua?"

"Patron mupya alisema karatasi." Alikuwa anasugua vidole vyake na mafuta ya taa. "Weye haukukuwa hapa. Ungefanya nini? Ungemuvalisha maneno na ule mukubwa mupya pia?"

"Ndiyo."

"Ule wa sasa hapendi kuwa kadoko mu picha," alisema.

Nilimwandikia mwenye kiwanda, nikamwendea Mama Odile, tukaanza kukusanya nakala. Hatukuwahi. Katika kituo kimoja cha reli upande wa Sakania alikuwepo mkunga kijana aitwaye Léonie, mwanafunzi wa Mama Odile, mmoja wa wale bora. Aliletewa mama ambaye mtoto wake amekingama. Léonie alipapasa tumbo, akafungua kitabu, akaitambua picha. Kando ya picha palisema: usivute, mwache ashuke mwenyewe. Akangoja. Treni iliyoelekea hospitali ilipita akiwa anangoja. Mama alikufa, na mtoto pia.

Léonie hakusoma vibaya. Alisoma kama tunavyowafundisha watu wote wasome, kwamba maneno yaliyo kando ya picha ni ya picha hiyo. Aliacha ukunga. Mama Odile alikuja kiwandani na nakala ya Léonie, akaifungua mbele yetu sote, akauliza nani aliyepanga ukurasa huu. Chansa akamtazama mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda akasema habari ya karatasi. Mama Odile alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu, akatoka, na tangu hapo hakukanyaga tena pale. Alizunguka mwenyewe, kituo kwa kituo, akiukata ukurasa ule kwa wembe katika kila nakala aliyoipata, na mambo yaliyokuwemo akayafundisha kwa mdomo. Kitabu chenyewe kiliendelea kutumika miaka mingi, kikiwa na pengo. Wengi wenu mmezaliwa mikononi mwa wanawake waliokisoma.

Miaka iliyobaki ni mingi na sina mengi ya kusema juu yake. Zilikuja mashini za kuyeyusha risasi na kutoa mistari mizima, zikaja za filamu, zikaja hizi zenu. Kila mashini ilipofika nilitafuta kwanza mahali pa kuiambia: acha nafasi kuzunguka picha, ifunge picha na aya yake, na aya mpya isianze mpaka picha ya kwanza iishe. Mahali hapo huwa papo. Huwa pamefichwa tu, kwa sababu waliotengeneza mashini wanadhani ni suala la urembo.

Nitasema moja tu zaidi. Miaka michache baada ya yale ya Léonie, nilipata likizo, nikapanda treni kwenda Kasai. Nilikuwa na ile nakala ya kwanza, ile nzuri, na ujumbe wa mwenye kiwanda kwamba anatafuta mafundi wa zamani. Nilimpata Mbuyi kwa kuulizia kanisani. Alikuwa anauza chumvi na sabuni mbele ya nyumba ya matofali mabichi. Mama Tshala alinikumbatia, akalia, akaingia jikoni. Mbuyi alinipa kiti.

Alikishika kitabu, akapitisha kidole gumba kwenye kingo, akafunua moja kwa moja mpaka ukurasa wetu. Alitazama nafasi zilivyokaa. Akaiona hotuba ya mkubwa, akacheka sana, akanipiga begani.

"Na sasa? Bado banakichapa?"

Nilimweleza yote, Chansa, Léonie, wembe. Alisikiliza akipanga sabuni zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. Nilipomaliza nilimpa ujumbe wa mwenye kiwanda: nauli ipo, nafasi yake ya usimamizi ipo, Chansa atapisha.

"Nyumba yangu ya Katuba, nani anaikaa?"

Nilimwambia. Ilikuwa imeezekwa upya na mwanamke yule wa chumvi, kwa ajili ya mwanawe.

"Basi," alisema.

Tulikula bukari, ugali wetu ule ule, na mboga ya mihogo. Hakuzungumzia kazi tena. Nilipoinuka kuondoka alinirudishia kitabu, amekifunga katika kipande cha gazeti kwa kamba, fundo la kufungia kurasa.

"Hiki ni chako, Papa. Nilikutunzia."

"Rudi nacho, Mwape. Huku kwetu hakuna muntu anasoma Kiswahili."

Nyuma yake, kwenye ua, wanawe wawili wadogo walikuwa wanagombania mpira, na wenzao wa jirani wamesimama kando wakiwacheka kwa Kiluba. Wanawe hao walikuwa wanatukanana kwa Kiswahili cha Katuba.